Mgonjwa wa Swali la Tatu

1

Ripoti ya Dawati ilifika kila siku saa moja na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya kipindi, na Mkufunzi Tulinagwe Mwakalobo aliisoma akiwa amesimama. Alijizoesha hivyo tangu mpango ulipoanza, miaka miwili nyuma. Aliona kwamba mtu akivuta kiti hujiandaa kukaa muda mrefu, na yeye hakutaka kukaa muda mrefu na ripoti ile.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha ya ofisi, na shamba la viazi la Chuo cha Uuguzi Igolwa halikuonekana kabisa. Alisoma swali la kwanza: wanafunzi thelathini na watatu kati ya arobaini na mmoja wametoa jibu moja. Swali la pili: thelathini na watano. Swali la tatu: thelathini na tisa.

Chini ya swali la tatu palikuwa na mstari mwekundu. *Kituo namba 14, kitanda namba 2. Mgonjwa amefariki saa 12:15 jioni.*

Tulinagwe akavuta kiti, akakaa.

Kwenye droo alikuwa na kaunta buku moja nene, kazi ya mkono wake, ambayo hakuna aliyemwagiza aiandike. Kila mgonjwa aliyepita mikononi mwa darasa lake alipewa mstari: namba ya kituo, namba ya kitanda, ugonjwa, jibu la darasa, na mwisho wake. Majina hakuwa nayo. Mistari ilikuwa elfu moja mia sita na kidogo. Alikuwa ameihesabu mara nyingi, akalinganisha na vifo vya vituo vile vile kabla ya mpango, na kila mara alipata kwamba vifo vimepungua nusu. Hesabu hiyo ndiyo iliyomwezesha kulala.

Sasa aliangalia ile thelathini na tisa. Swali lilikuwa gumu. Kwa uzoefu wake, watu wakikosa kila mtu kwa akili yake hukosa kwa kutawanyika: huyu huangukia jibu la pili, yule la nne. Darasa zima likiangukia shimo moja, ujue lilikuwa limeshikana mikono.

Akafungua maelezo. Dawati lilimtaka kila mwanafunzi aandike sentensi moja ya sababu. *Dozi itolewe kwa sababu mkojo wa mililita 60 unatosha.* Iliyofuata: *Kwa kuwa mkojo ni mililita 60 na unatosha, dozi itolewe.* Iliyofuata: *Mkojo unatosha, yaani 60, kwa hiyo tutoe dozi.* Sentensi ya kwanza iliandikwa saa kumi na moja na dakika mbili na Atuganile Sanga. Nyingine zote ziliingia ndani ya dakika sita.

Hakuweza kujidanganya kwamba anaona jambo geni. Sentensi zilianza kufanana mwezi wa tatu. Aliziona, akatabasamu, akasema moyoni kwamba wanasaidiana. Hata yeye enzi zake alinakili anatomia ya mwenzake chini ya blanketi kwa mwanga wa tochi, na amekuwa muuguzi mzuri tu.

Kengele ya kipindi ikalia.

2

"Shikamoo, Madam!"

"Marahaba. Kaeni."

Walikaa kwa kelele, makoti mazito juu ya sare nyeupe, vishikwambi mezani. Walikuwa wamechangamka. Ndiyo faida ya kazi ya awali, na hakuna mkufunzi aliyeibishia: darasa lilikuja tayari. Zamani Tulinagwe alitumia saa nzima kuandika ubaoni maana ya kifafa cha mimba, na wanafunzi wakasinzia. Siku hizi walikwisha kukutana na ugonjwa jana yake jioni kupitia Dawati, wakagombana nao, wakaja na maswali.

"Madam," alisema Festo Mgaya, kiongozi wa darasa, kijana mrefu ambaye hakuweza kupitisha dakika tano bila utani, "yule mama wa swali la tatu, jana tumemweza. Tumempa jina kabisa. Mama Presha."

Darasa likacheka.

"Na mtoto wake aliyezaliwa asubuhi," aliongeza msichana wa nyuma, "ni Dawati Junia."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Tulinagwe alingoja kiishe. Aligeukia ubao, akaandika taarifa kama ilivyokuja jana, kipimo kimoja tu akikiacha makusudi: mama aliyejifungua, presha juu, amepata kifafa, anadungwa magnesiamu kila baada ya saa nne ili kifafa kisirudi. Muda wa dozi nyingine umefika. Pumzi kumi na nne kwa dakika. Mkojo mililita 60. Goti halijapimwa. *Ufanye nini kwanza?*

"Festo, njoo utuoneshe kwa nini mkojo unatosha."

Festo alikuja, akashika kalamu. "Mkojo, Madam, ni mililita sitini. Inatosha."

"Inatosha kwa muda gani?"

Kijana aliangalia ubao, kisha wenzake. "Kwa siku?"

"Festo, kaa chini wewe!" alipiga kelele mmoja. "Ya siku nzima kwenye kikombe cha kahawa!"

Akawainua wengine wanne. Kila mmoja alisema inatosha, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini. Ndipo mkono ukanyooshwa karibu na dirisha. Atuganile Sanga hakuwa msichana wa kujionesha. Mkono wake daima uliishia usawa wa sikio.

"Kiwango ni mililita thelathini kwa saa, Madam. Magnesiamu inatoka mwilini kwa mkojo. Mkojo ukiwa mdogo, dawa inabaki ndani na kujilimbikiza. Kwanza goti linaacha kuruka ukiligonga, halafu mgonjwa anaacha kupumua. Huyu alikuwa na sitini, mara mbili ya kiwango, kwa hiyo..." Aliinamia kishikwambi chake. Kidole chake kilipita mstari, kikarudi. "Aa. Imeandikwa kwa saa nne. Sitini kwa saa nne. Ni kumi na tano tu kwa saa."

"Ndiyo."

"Na pumzi zilikuwa zimeshuka chini ya kumi na sita. Hakustahili kupewa dozi." Alisema hivyo kwa sauti ile ile tulivu, kama mtu aliyegundua amevaa soksi zisizofanana. "Nimesoma vibaya, Madam. Naomba nirudie. Kitufe cha kurudia kiko wazi mpaka Ijumaa."

Wenzake wakaanza kubonyeza vitufe vyao vya kurudia.

3

"Habari za huko juu, Mwalimu?"

"Baridi tu, Bwana Machibya."

Zabron Machibya alikuwa mratibu wa Dawati kwa kanda nzima. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Kwa simu alikuwa mtu wa upole, na Tulinagwe hakuwahi kumwona kama mtu mbaya, hata leo.

"Nimeona kituo cha kumi na nne," alisema Machibya. "Pole. Ni wa kwanza kwa kosa la darasa lako, sivyo?"

"Kosa halikuwa la darasa. Lilikuwa la mwanafunzi mmoja, wengine wamenakili. Mnataka vichwa thelathini vikubaliane ndipo mkono wa chuma ufanye kazi. Jana mlipata kichwa kimoja."

Kwenye vituo vya bondeni wauguzi walikwisha miaka mingi nyuma. Waliofunzwa walipanda ndege, waliobaki walizeeka. Mkono wa chuma ulibaki, ukitembea kwenye reli yake kati ya vitanda, ukipima, ukidunga, ukizungumza na ndugu wa mgonjwa. Lakini sheria ilikataza mashine kuamua lolote juu ya mwili wa mtu. Lazima waamue watu, tena wenye mafunzo. Sheria haikusema kwamba watu hao lazima wajue kuwa wanaamua. Katika tundu hilo ndimo Dawati lilimozaliwa. Kila chuo kilipewa zamu yake, na zamu ya Igolwa ilikuwa kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku.

"Wakemee kwa kunakili," alisema Machibya.

"Nitawaambia kwa nini? Kwa sababu ni dhambi?"

"Mwalimu, unakumbuka kilichotokea tulipowaambia wale wa chuo cha kwanza. Wanafunzi hamsini. Jioni ya kwanza walijibu kumi na saba. Wengine walikaa wameshika vishikwambi, wanalia. Wagonjwa watatu wakafa bila jibu lolote. Daktari wa zamu, anayepelekewa wagonjwa ambao vichwa thelathini havikupatikana, alikuwa na foleni ya watu kumi na mmoja." Akashusha pumzi. "Asiyejua mkono wake hautetemeki. Wewe mwenyewe ulisaini."

"Nilisaini."

"Basi saa kumi dirisha linafunguka kama kawaida. Vituo kumi na sita, Mwalimu. Ukilifunga hakuna mwingine wa kuvijibu."

"Mama yule anaitwa nani?"

"Sisi hatupewi majina," alisema Machibya. "Nadhani ni vizuri hivyo."

4

Atuganile aliingia ofisini, akabaki amesimama kando ya mlango mpaka alipoambiwa mara mbili akae. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Kundi la darasa," alisema Tulinagwe. "Unawatumia majibu."

Msichana hakukana. "Ndiyo, Madam."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu. Wakati wa mvua mtandao ulikuwa unakamata pale kwenye tangi la maji tu, na dakika kumi na tano zinaisha upesi. Nilikuwa napanda mimi, halafu nawatumia. Mvua ilipokwisha..." Alitafuta neno. "Walikuwa wamezoea. Mtu akifeli kazi ya awali mara tano anarudishwa nyumbani, Madam. Tungekuwa tumeshapoteza sita."

"Wanakulipa?"

"Hapana!" Alishtuka kweli. "Wananiomba tu. Mimi kukataa kunanishinda."

Tulinagwe alikuwa amepanga maneno. Alipanga kumwambia aache, kwa ukali wa wastani, bila kusema zaidi. Akayasema. Atuganile akaitikia, "Sawa, Madam," na Tulinagwe akaitambua ile sawa. Ni ile wanayosema wakiambiwa wasipike kwenye mabweni. Saa kumi wangemwomba, naye angewapa, labda kwa njia nyingine.

"Lakini Madam umekasirika sana," alisema msichana taratibu. "Kwani kuna nini? Ni awali tu."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la kuni kuelekea jikoni. Tulinagwe alilisikiliza mpaka likafika.

Kisha akamwambia. Alimwambia kwa mpangilio, kama anavyofundisha: vituo, mkono wa chuma, sheria, vichwa thelathini. Akafungua kaunta buku, akamwonesha mistari. Mwisho akamwonesha mstari wa jana, ambao bado haukuwa na neno la mwisho.

Atuganile hakulia. Mikono akaifunga katikati ya magoti.

"Saa nne," alisema. "Ilikuwa imeandikwa pale pale."

"Nisikilize. Aliyesoma vibaya saa nne ni wewe. Lakini aliyeona sentensi zenu zinafanana tangu mwezi wa tatu akanyamaza, hali akijua kwamba ni wagonjwa kweli, ni mimi. Mizigo hiyo miwili si sawa, na usijaribu kubeba wangu."

Msichana aliitikia kwa kichwa, lakini haikujulikana anakubali nini.

"Mtoto yuko na nani?" aliuliza.

"Na bibi yake. Ripoti inasema yuko hapo hapo kituoni."

"Na jioni kuna kazi?"

"Ipo. Kama nisipofunga dirisha."

"Usifunge." Atuganile aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Lakini waambie, Madam. Wote. Usipowaambia, wataniomba jibu."

5

Saa tisa na nusu aliwakusanya ukumbini, akawaketisha kila mmoja na meza yake. Aliwaambia kama alivyomwambia Atuganile, ila jina la aliyeanza hakulitaja. Hakukuwa na haja. Shingo ziligeuka zenyewe kuelekea dirishani, alipoketi Atuganile, kisha zikarudi kwa aibu.

Mwanzoni hakuna aliyeamini. Halafu yule msichana aliyempa mtoto jina akafunika mdomo kwa kiganja.

Festo alisimama. Sura yake bila utani ilikuwa ya mtu mwingine. "Miaka miwili, Madam?"

"Miaka miwili."

"Tunacheka hapa mbele yako. Mama Presha, Mama Presha. Na wewe unatuangalia."

"Ndiyo."

"Sisi tumekuja hapa kusomea kuponya watu."

"Mmeponya wengi, Festo. Hilo nalo ni kweli, ninaweza kukuonesha."

"Sitaki kuoneshwa!" Aliinua kishikwambi chake kana kwamba atakipiga chini, akakirudisha mezani, akakaa. Wengine wanane waliinuka, wakatoka nje bila kuaga. Hakuwazuia. Walibaki thelathini na watatu.

Saa kumi na dakika saba vishikwambi vyote vililia kwa mpigo. Kwenye ukuta wa mbele Dawati likaandika, kwa herufi zake za siku zote zenye rangi ya samawati:

*Kituo namba 14. Mtoto mchanga wa kike, umri saa 30. Joto nyuzi 35.1. Pumzi 52 kwa dakika. Hajapata maziwa kwa saa 7. Mama hayupo. Bibi yupo. Ufanye nini kwanza? Dakika 15.*

Chini yake majibu manne: apewe oksijeni, apewe maziwa haraka, awekwe ngozi kwa ngozi kifuani kwa bibi na kufunikwa, aogeshwe kwa maji ya moto. Na chini kabisa, namba ya waliokwisha kujibu. Sifuri.

"Kila mtu peke yake," alisema Tulinagwe. "Someni namba na kipimo chake. Sina ruhusa ya kujibu wala kuwasaidia; Dawati limenifungia."

Hakuna aliyegusa kitu. Ilipita dakika moja, zikapita mbili. Mtu alikuwa anasali kwa kunong'ona. Festo, kwa mazoea ya miezi minne, aligeuka kumtazama Atuganile, na Atuganile akafunika kioo chake kwa mkono.

Namba ikawa moja. Ikawa nne. Dakika ya sita ilikuwa kumi na moja. Tulinagwe alisimama nyuma ya ukumbi, mikono mifukoni ili isionekane. Alimjua daktari wa zamu, na aliijua foleni yake. Mtoto wa nyuzi thelathini na tano hangojei foleni.

Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Hapo ikasimama. Ikasimama dakika nzima, na mvulana mmoja wa mstari wa mbele akaangusha kichwa mezani.

Ikaanza kupanda tena, nne kwa mkupuo, na Tulinagwe hakuelewa, kwa sababu ndani ya ukumbi hakuna kidole kilichosogea. Alipotazama nje aliwaona wale wanane wamesimama kwenye ukungu karibu na tangi la maji, kila mmoja mbali na mwenzake, nyuso zao zimepata mwanga wa samawati kutoka chini.

Thelathini. Thelathini na sita. Arobaini. Zilibaki dakika mbili.

Atuganile alikuwa bado. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo, kinapita neno kwa neno, na midomo yake ilisogea: nyuzi, kwa dakika, kwa saa, saa thelathini, saa saba. Akifika mwisho alirudi mwanzo.

"Atu," alisema Festo kwa sauti ya chini.

"Usimwite," alisema Tulinagwe.

Ikabaki dakika moja. Msichana alivuta pumzi kama anayetaka kuingia kwenye maji baridi, akabonyeza, akaandika sentensi yake.

Arobaini na moja.

Ukuta ukafutika, ukaandika upya: *Asante. Kazi yako imepokelewa. Majibu yatatolewa kesho kabla ya kipindi.*

Walikaa wakiangalia maneno yale. Taratibu walianza kuelewa jambo ambalo Tulinagwe alikuwa amelielewa tangu dakika ya kwanza. Wote wamejibu, lakini kujibu hakutoshi. Lazima thelathini wakubaliane. Walipokuwa wananakili, thelathini walipatikana bila shida. Leo kila mmoja alifikiri peke yake, kwa hofu yake, na hakuna aliyejua mwenzake ameangukia wapi. Kama walitawanyika, mkono wa chuma haukusogea. Mtoto amewekwa kwenye foleni.

"Wewe umejibu nini?" Festo alimuuliza aliye kulia kwake. Akamgeukia wa kushoto. "Na wewe?"

Kwenye ukuta, chini ya shukrani, Dawati lilikuwa limeongeza mstari mdogo, ule wa kila siku: *Ungependa kurudia kazi hii? Kitufe kiko wazi mpaka Ijumaa.*

Kengele ya chakula ililia, na hakuna aliyeinuka. Baadaye Atuganile alitembea mpaka nyuma ya ukumbi.

"Ripoti inafika saa ngapi, Madam?"

"Saa moja na nusu."

"Naweza kuja?"

Tulinagwe alifikiria ofisi yake, dirisha la ukungu, na meza yenye kiti kimoja tu upande wake.

"Njoo," alisema. "Uje na kiti."